Mama na Pazia la Mkwe Wake

Kila soko nikienda nakuta mtu anasimulia habari za mama yangu kwa makosa. Mmoja ataapa kwamba alimfunga mkwe wake kamba kitandani. Mwingine atasema alimtilia dawa ya usingizi kwenye uji. Juzi juzi hapo Nkubu nilimkuta mama mmoja mwenye mdomo, muuza viazi, akiwaeleza wateja eti yule daktari mwanamke alikuwa hana haya tangu utotoni. Hana haya! Mama yangu! Nilitua kikapu changu chini nikamwambia, "Dada, uza viazi. Hayo mengine waachie walioyaona." Niliyeyaona ni mimi. Naitwa Kawira, ni binti yake wa kwanza, na huyo mkwe anayesemwa ni mume wangu. Basi nitayasema mwenyewe, na anayetaka kuongeza chumvi aongeze kwenye sufuria yake.

Mama aliitwa Felicitas Ciakuthii. Aliolewa na baba yangu, Marete, mkulima wa kahawa juu kidogo ya Nkubu, na kwa miaka mingi alikuwa dobi wa hospitali ya misheni. Alifua shuka za wodi, za damu, za usaha, za kila kitu ambacho binadamu hutoa akiugua. Baadaye walimpandisha akawa msaidizi katika wodi ya wanawake: kutandika vitanda, kulisha wagonjwa, kuosha vidonda. Alikuwa mtu wa maneno machache, mkaidi wa kimya kimya. Ukimkosea hakugombezi. Anakupa ndoo uende mtoni, na wewe mwenyewe unajua umefanya nini.

Miaka kumi hivi baada ya uhuru, Wazungu wa misheni walianza kurudi kwao mmoja mmoja. Zahanati za misheni, kutoka huku Meru hadi kule chini kwenye joto la Mbeere, zikabaki na milango na dawa bila mtu wa kuwapima wagonjwa. Daktari mkuu mpya alikuwa Mmeru mwenzetu, Thuranira, kijana mkavu asiyecheka ovyo. Akasema hatakaa kungoja aletewe watu. Atawachukua wafanyakazi wa zamani wa hospitali, wale wasiotoroka damu, awafundishe miaka miwili wawe madaktari wasaidizi: kumpima mtu, kuutaja ugonjwa, kutoa dawa, kushona jeraha, na kujua ni nani wa kukimbizwa hospitali kubwa. Mama akapeleka jina lake. Hakumwambia mtu.

Baba alipopata habari alikuwa anakula. Akaacha kijiko hewani. "Wewe una mjukuu," akasema. "Unarudi shuleni kukaa dawatini na watoto?"

"Hakuna watoto kule," mama akamjibu. "Kuna Mutugi, na Mutugi ana upara."

Mutugi alikuwa dresa, fundi wa kufunga bendeji, na mdomo wake haukujua kupumzika. Yeye ndiye aliyetuletea habari za darasani, maana mama hakusema kitu. Kutoka kwa Mutugi tulijua kwamba mama alishika majina ya mifupa haraka kuliko wote. Kutoka kwake pia tulijua kwamba alikuwa karibu kufukuzwa.

Shida ilikuwa hii. Thuranira aliwapeleka wanafunzi wodini, akawasimamisha mbele ya mzee mmoja aliyejikunja kitandani, akamuuliza mama, "Mama Kawira, huyu anaumwa nini?" Mama akaitazama shuka. Akasema mzee ametapika nyongo, ametoka jasho jingi, na amelalia ubavu wa kulia tu. Yote yalikuwa kweli. "Na tumbo lake likoje?" daktari akauliza. "Sijaligusa," akasema mama. "Liguse basi." Mama akanyoosha kidole kimoja, akaligusa lile tumbo na kuurudisha mkono nyuma ya mgongo. Wenzake wakaangua kicheko. Thuranira hakucheka. "Hilo ni tumbo, si jiko la moto. Shuka haitibiwi. Kama huwezi kumshika mwanamume mgonjwa, rudi kwenye ndoo zako, na hutakuwa umefanya kosa lolote. Lakini hapa hutakaa."

Watu wa leo hawaelewi. Mwanamke wa umri wa mama, wa kwetu, alikuwa amemshika mwanamume mmoja tu maishani, na huyo ni Marete. Alirudi nyumbani siku hiyo, akafunga mlango, akasema, "Marete, vua shati ulale hapo." Nilikuwa nimekuja kuwatembelea na mtoto, tuko nje tukipalilia viazi. Tukasikia baba analalamika mikono ina baridi, kisha anacheka kama mtoto, kisha ananyamaza. Kuanzia hapo hakuna aliyemponyoka. Alimpima baba, akanipima mimi na mtoto wangu, akawapima wajomba na majirani wote waliopita na kukosea kusema kwamba wanaumwa mgongo. Mbuzi akichinjwa, mama yuko pale na mikono yake, anafuata utumbo kuanzia mwanzo hadi mwisho, nyama inangoja na wageni wana njaa. Hata mbwa wetu alisikilizwa moyo kwa ile mipira ya masikioni. Mutugi alisema mwaka wa pili ulipofika, ukitaka kujua tumbo lina nini, unamwita Mama Kawira, na mkono wake unatua pale taratibu, mkono ule wa kufulia, mgonjwa anaacha kukaza mwili.

Thuranira alikuwa na ugonjwa mmoja aliorudia kuufundisha hadi wakachoka. Ngiri, ambao watu wetu huuita mshipa tu. Utumbo unapenya kwenye kinena na kutokeza uvimbe. Wabeba mizigo wengi wanao, na wanauficha mpaka kaburini. Siku uvimbe ukinasa usirudi ndani, utumbo unaanza kufa, na mwenyewe anaufuata. Aliwaonyesha jinsi ya kuurudisha kwa mkono mapema, kabla haujaharibika, kisha mtu apelekwe kupasuliwa. Mama aliurudisha wa mzee mmoja mbele ya darasa zima. Siku hiyo alitusimulia mwenyewe, na uso wake ulikuwa unang'aa.

Sasa nije kwa mume wangu.

Ngari ni Mumbeere. Tulijuana Makutano, Meru, alipokuwa akibeba magunia kwenye malori na mimi nikifanya kazi kwenye duka la nguo. Ni mtu mpole, mwenye aibu kuliko msichana, na nilimpendea hiyo. Tukafunga ndoa kanisani, akanipeleka kwao chini, kwenye mbuzi na ndengu na jua. Na hapo ndipo mambo ya nthoni yanapoingia. Nthoni ni ile heshima kati ya mtu na mama wa mke wake. Wameru wanayo, Waembu wanayo, Wambeere ndio usiseme. Mkwe hamtazami mama mkwe usoni. Hali chakula mbele yake. Wakikutana njiani, mmoja anaingia kichakani. Kumgusa? Hilo halina hata jina. Padri alikuwa amehubiri kwamba Mkristo anaweza kumsalimia mkwe wake, nao wakatii padri kwa namna yao: Ngari akija kwetu anasimama nje ya ua na kuusalimia mgomba, na mama anamjibu kutoka jikoni kupitia kwa kuku. "Nyinyi kuku, mwulizeni mgeni kama huko mvua imenyesha." Tulicheka, lakini wao hawakucheka. Walipendana hivyo.

Miezi mitatu ya mwisho ya kozi, wanafunzi walipelekwa kwenye zahanati wawili wawili wafanye kazi bila mwalimu, na daktari anakuja mara moja moja kuwakagua. Ukiharibu hapo, umeharibu yote. Mama na Mutugi walitupwa Mbeere, kwenye zahanati ambayo kutoka kwangu unasikia kengele yake. Nilifurahi kupita kiasi. Ngari alianza kuzunguka mbali akienda dukani, ili asipite mbele ya mlango ule.

Ilikuwa mwezi wa mvua kubwa. Mutugi alikuwa amevuka mto kwenda kuchukua dawa, mto ukafurika nyuma yake, gari la misheni likabaki ng'ambo naye. Asubuhi hiyo Ngari aliinua gunia la ndengu, akaliweka chini, akakaa juu yake. Nilidhani anapumzika. Nilipomkaribia uso ulikuwa wa majivu. Alikuwa ameushika uvimbe wake wa kinena. Nilijua anao, mke atakosa kujua? Kila siku ulikuwa ukirudi ndani akilala. Leo ulikuwa mgumu kama jiwe na haurudi. Akaanza kutapika.

"Twende kwa mama," nikasema.

"Niache nife," akasema.

Hakuwa anatania. Baba yake, mzee Gichovi, mtu wa mbuzi wengi na maneno mengi, aliita majirani wawili, wakamfunga kwenye machela ya miti na blanketi, wakambeba huku amejifunika uso. Gichovi alitembea mbele akiniambia bila kugeuka, "Mama yako asimguse. Atoe dawa tu. Umesikia?" Nilisikia. Kwani alidhani kuna dawa ya kumeza?

Mama alitoka mlangoni, akaona ni machela ya nani, akageuka akatazama ukuta. Cicily, mwanamke mzee aliyefagia zahanati, akafungua mlango wa chumba cha ndani. Wakamlaza Ngari, mama akavuta pazia kati yake na kitanda, akasimama upande wa pili. Wanaume wakatoka kukaa nje na Gichovi. Baba naye hatazami mtoto wake mzima akiwa uchi, kwa hiyo tulibaki wanawake watatu na mtu anayekufa kwa heshima.

"Kitanda," mama akasema kupitia pazia, sauti yake ya kawaida kabisa, "unaumwa wapi?"

Kitanda kikalia: Ngari alikuwa anageukia ukuta. Halafu Ngari akasema, "Mwambieni tumbo. Hapa juu."

"Muongo!" nikapiga kelele. "Mama, ni mshipa, umenasa tangu asubuhi, na anatapika!"

Ngari alinitazama kwa jicho ambalo sijaliona tena. Nilijua mama anafikiria nini, maana na mimi nilikuwa nafikiria hilo hilo. Mto umejaa. Mutugi yuko ng'ambo. Mkono wa kuurudisha ule utumbo ni mmoja tu katika nchi ile yote, na ndio mkono usioruhusiwa.

"Kawira," mama akasema, "utakuwa mikono yangu."

Kwanza sindano ya maumivu. Ngari akapenyeza mkono wake nje ya pazia, mkono tu, na mama akaudunga. Tukaweka matofali chini ya miguu ya kitanda upande wa miguuni, ili tumbo liinamie kichwani. Cicily akaleta kitambaa cha maji baridi. Halafu mama akaanza kunielekeza. Mkono wa kushoto ushike shina la uvimbe. Wa kulia ukamate mwenyewe, wote kiganjani. Usisukume kwa nguvu, ukamue, uungoje. Nikakamua. Ngari akapiga kelele hadi mbuzi wa nje wakajibu. "Utakuwa umesukuma pembeni," mama akasema, "rudi katikati." Ningejuaje katikati ni wapi? Nikajaribu tena, na tena. Machozi yananidondoka juu ya mume wangu, na kila nikigusa anazidi kuumia. Mama aliuliza ngozi ina rangi gani. Nikamwambia inaanza kuwa nyekundu.

"Sitaweza, mama," nikasema. "Nitamuua."

Nilisikia maji. Mama alikuwa ananawa mikono. Alinawa polepole, mpaka kwenye viwiko, kama Thuranira alivyowafundisha. Ngari pia alisikia, akaelewa, akaanza kujikokota kuelekea ukutani. "Mama Wamuyu," akaniambia kwa jina la mtoto wetu, "mzuie. Nakuomba. Afadhali nife."

Mama akazungumza. Hakukiambia kitanda. "Baba Wamuyu," alimwambia yeye mwenyewe, kwa mara ya kwanza tangu anioe, "wewe ukifa, nitakaa kwenye matanga yako nikijua nilikuwa hapa. Mimi siwezi hiyo. Unichukie ukiwa hai." Akavuta pazia akaingia.

Nilimfunika Ngari uso kwa leso yangu. Sikujua nifanye nini kingine. Mama hakunitazama, hakumtazama usoni, aliweka mikono pale inapotakiwa na kuiacha. Kitambo kirefu ilikuwa kama hafanyi chochote. "Vuta pumzi," akasema. "Toa. Usinisaidie, legea tu." Niliona mabega ya mume wangu yanalegea. Halafu nikasikia sauti, tumbo linanguruma kama la mtu mwenye njaa, na uvimbe ukateleza ukaingia ndani. Ukaisha. Ngari alishusha pumzi ndefu chini ya leso. Mama akambana pale kwa bendeji, akamfunika blanketi, akatoka, akaenda nyuma ya zahanati, Cicily akamfuata. Nilimkuta analia bila sauti huku amenyoosha mikono mbele yake, hataki kuigusisha na nguo.

Nilimshukuru Mungu. Furaha yangu haikufika jioni.

Gichovi alikuwa amesikia yote kupitia dirisha. Hakuuliza mwanawe anaendeleaje. Alisimama pale uani akasema maneno ambayo sitayarudia, mimi ni mke wa boma lake na bado namheshimu. Alisema nyumba imeharibika. Alisema huyo mwanamke aondolewe, misheni ilete mwanamume au ifunge mlango. Na mimi nirudi Meru na mtoto, mpaka wazee waamue kama bado kuna ndoa hapo. Nilimchukia siku ile. Nilimchukia kabisa, na nikafunga nguo zangu nikilia.

Mto uliposhuka Ngari alipelekwa hospitali akapasuliwa, akashonwa vizuri. Nilikwenda kumtazama. Alikuwa ameugeukia ukuta. Nilimwambia mtoto anamwulizia. Akasema, "Mwambie nimesikia." Hakuna zaidi. Akatoka akarudi kwao, nami nikabaki kwa baba kuchuma kahawa, na wiki zikapita, hakuna neno wala mjumbe. Baba yangu aliwapelekea kina Gichovi kondoo dume wa kutakasa aibu. Wakampokea, wakamla, bado kimya.

Mama alimaliza kozi. Thuranira alimwita akamwambia amefaulu, na kwamba kazi yake ya kudumu itakuwa palepale Mbeere, kwa sababu wanawake wa kule wamemwomba. Mama akasema hapana. Nilikuwa nimemsindikiza, nilisikia. "Nipeleke Isiolo," akasema, "nipeleke popote pa mbali. Nikikaa pale binti yangu hatarudi kwake."

"Ulifanya nilichokufundisha," daktari akasema.

"Nilifanya. Na wewe hukunifundisha cha kufanya baadaye."

Thuranira akasema ataitisha baraza kule chini, awaulize wenyeji, na mama aende kuchukua vitu vyake. Tukaenda sote watatu, na Wamuyu mgongoni mwangu.

Watu walijaa uwanja wa zahanati. Wanaume mbele kwenye viti na mawe, wanawake nyuma na watoto. Chifu akafungua, kisha Gichovi akasimama na fimbo yake. Alizungumza vizuri, lazima niseme ukweli. Alisema hawana ugomvi na mwanamke huyo, anajua dawa. Lakini kuna mambo mwanamke hafanyi, na aliyeyafanya hawezi kukaa kati yao kila siku, watu wakimwona wakumbuke. Aende salama. Wazee wakaitikia kwa koo. Mama alikuwa amesimama mlangoni na mzigo wake tayari umefungwa. Mimi nilikuwa nimekwisha kata tamaa, natafuta tu nimwone mume wangu mara moja kabla ya kuondoka.

Akasimama. Ngari wangu, ambaye kwenye arusi yetu alishindwa kusema asante. Alikuwa amekaa nyuma kabisa ya wanaume. Alivua kofia yake.

"Mimi sijui kuongea," akasema. "Nilikuwa na mshipa tangu nilipobeba magunia Makutano. Nimeuficha miaka yote. Siku ile ulinasa, na nilikuwa nakufa. Baba yangu alikuwa hapa nje. Mke wangu alikuwa ndani. Waliokuwa wakinipenda wote walikuwepo, na hakuna aliyeweza kunitoa. Aliyenitoa ni huyo hapo mlangoni." Akaelekeza kofia huko bila kutazama. "Alinishika kwa mikono yake. Mlitaka kujua, sasa mmejua, msinong'one tena. Kama mnasema alikosea, basi semeni pia kwamba ilifaa nife. Baba, sema wewe kwanza."

Gichovi aliiegemea fimbo yake, anatazama mchanga.

Ngari akawageukia wanaume. "Na msinitazame hivyo. Si mimi peke yangu. Sisi tunaoga mto mmoja, nawajua nyote."

Kisha huko nyuma mwanamke mmoja akacheka, akajaribu kujizuia, wakafuata wengine, na uwanja mzima wa wanawake ukaangua kicheko, huku wanaume wanatazama viatu vyao. Hata Thuranira alicheka, wallahi, nilimwona meno. Ngari akapita katikati ya watu mpaka nilipo, akamchukua mtoto mgongoni mwangu. "Mama Wamuyu," akasema, "nyumba haijafagiwa tangu uondoke. Twende." Nilimwambia afagie mwenyewe, halafu nikamfuata mbio.

Mama alibaki pale Mbeere mpaka alipostaafu. Na Jumatatu baada ya baraza, nilipompelekea uji asubuhi, nilikuta benchi la nje limejaa wanaume watupu. Kila mmoja ana kofia magotini, amegeukia upande wake, kana kwamba wenzake hawapo. Mama akaita kutoka ndani, sauti ileile ya kawaida, "Wa kwanza na aingie."

Wakatazamana. Halafu mzee Gichovi akasimama, akanipa mimi fimbo yake nimshikie, akaingia.